Vikasha 30 vya harusi na mkaratusi niliouficha chini

Kwa miaka 11 nilikuwa fundi wa milango, vitanda na makabati, karakana yangu ikiwa Ipogolo, pale chini kabla hujapanda kuingia Iringa mjini. Kazi ya vitanda inamlea fundi vibaya. Ukikosea milimita mbili, godoro linakufunikia. Kona ikiachia, unachanganya gundi na unga wa mbao, unajaza, unapiga msasa, unapaka vanishi nzito na mteja anashukuru. Nilipoanza kutengeneza vikasha vya mapambo, vile vya kuwekea hereni, pete, saa au barua za zamani, niliviona kama vitanda vilivyopungua kimo. Dhana hiyo imenigharimu zaidi ya mashine yoyote niliyowahi kununua. Naandika kwa sababu vijana wengi sasa wananiuliza namna ya kuanza, na swali lao la kwanza huwa ni bei ya mashine.

Mimi nilianza na mabaki. Ukitengeneza milango ya mninga na mkongo unabaki na vipande vya kiganja, vya mkono, vizuri mno kwa jiko la kuni, na mama watoto alikuwa akivipikia maharage. Siku moja nikaokoa vinne, nikaviunga, nikampa shemeji yangu kwenye kipaimara cha mwanawe. Wiki iliyofuata watu watatu walikuwa wamepita kuulizia. Baadaye dereva anayepeleka wageni hifadhi ya Ruaha akachukua viwili, akarudi kuchukua vitano.

Wageni wale hupenda kusema hizi ni mbao za ajabu, za nchi za mbali. Mimi hucheka. Kwangu mgeni ni paini ya Sao Hill, ambayo asili yake ni Mexico, na mkaratusi uliotoka Australia. Mninga, mkongo na mpingo ni wenyeji. Huyo mkaratusi mkumbuke, atarudi.

Kosa la kwanza lilikuwa la mpingo. Nilitaka ule weusi kwenye kona na kwenye vishikio, kwa sababu mninga wa kahawia ukikutana na mpingo, hata mtu asiyejua mbao anasimama. Jamaa mmoja akaniletea gogo fupi kwa Sh 180,000, bila risiti, bila hati, akisema limetoka kwa ndugu yake. Sikuuliza ndugu yupi. Nililisafirisha mwenyewe nikitoka kwa jamaa huyo, nikasimamishwa kwenye ukaguzi njiani, na gogo likabaki palepale pamoja na faini. Sina wa kumlaumu. Fundi yeyote anajua kwamba mazao ya misitu yanatembea na hati ya kusafirishia, na kwamba mbao halali zina alama ya nyundo inayogongwa na maofisa misitu, na risiti nyuma yake. Nilijifanya sijui kwa kuwa gogo lilikuwa dogo.

La pili nililinunua kihalali, nikaliharibu mwenyewe. Nililipasua siku ileile nikaweka vipande juani, juu ya bati, ili vikauke haraka. Kufikia Jumapili vilikuwa vimepasuka vichwani kama kisigino cha mkulima. Mti huu hukua zaidi ya miaka 70 kabla ya kufaa kuvunwa, nami nikataka ukauke kwa siku nne. Sasa nikipata mpingo, jambo la kwanza ni kupaka nta au rangi nzito kwenye vichwa vya kila kipande, maana maji hutoka vichwani kwa haraka kuliko ubavuni, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Kisha navipanga kivulini kwa kuvitenganisha na fito nyembamba, upepo upite pande zote. Navisahau. Si wiki, ni miezi, na vile vinene ni zaidi ya mwaka.

Namna ya kujua kama kipande kimekauka haihitaji kifaa cha bei. Nunua mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni. Pima kipande, andika uzito na tarehe kwa penseli juu ya kipande chenyewe, rudi baada ya wiki. Uzito ukiendelea kushuka, maji yanatoka. Ukigoma kushuka kwa wiki tatu nne mfululizo, kimekauka, lakini kimekauka kwa hewa ya hapo ulipo. Maneno hayo ya mwisho, hewa ya hapo ulipo, hakuna aliyeniambia mapema.

Mwezi wa saba nikapigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Dada mmoja, mwenyekiti wa kamati ya harusi, aliona kikasha changu kwa rafiki yake. Alitaka 30, kwa wasimamizi na wageni wa meza kuu, kila kimoja sentimita 20 kwa 20, kifuniko cha kunyanyua kisicho na bawaba. Tulielewana Sh 65,000 kwa kimoja. Akatuma 1,000,000 ya kuanzia, nami sikulala usiku ule. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya bati za chumba cha watoto.

Agosti, Septemba na Oktoba nilifanya kazi kama sijawahi. Iringa ya miezi hiyo mnaijua: upepo, vumbi, midomo inapasuka, nguo unazoanika asubuhi saa nne zimekauka. Mbao zilikuwa kavu mpaka zinalia ukizigonga. Pande nne za kila kikasha nilizitoa kwenye ubao mmoja wa mninga, nikazipanga kwa mfuatano ili mistari ya mti izunguke bila kukatika, nikazikata nyuzi 45 na kuchomeka vikabari vyembamba vya mpingo kwenye kona. Vifuniko nilivikaza kwa randa mpaka vikawa vinashuka polepole vikisukumwa na hewa ya ndani, pff, kama mlango wa gari jipya. Niliita majirani waje wasikilize ile sauti. Nilijivuna nayo sana.

Kwenye kitako nikabana gharama. Mninga ulikuwa unapungua na nani anageuza kikasha kuangalia chini? Nilikuwa na mbao za mkaratusi. Nikazirandisha milimita 8, nikazikata vipande vipana vya sentimita 18 na kitu, nikavipachika ndani kwa gundi pande zote nne, na misumari midogo juu yake kwa usalama. Vikawa imara kama ngoma. Nikapaka mafuta na nta kwa nje tu, nikafunga kwa magazeti, nikavipakia kwenye basi wiki ya pili ya Novemba. Vikateremka mlima Kitonga, vikaenda zao pwani.

Harusi ilikuwa Desemba, mvua za vuli hazijaisha. Simu ilikuja siku mbili kabla ya sherehe. Dada yule hakupiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema, "Fundi, vikasha vyako vimekataa kufunguka." Nikamwambia avute kwa nguvu. Akasema wamevuta, kimoja kimevunjika. Kisha akanitumia picha. Kati ya 30, vikasha 14 vifuniko vimekwama. Vingine 11 kona zimeachia kabisa, zimetanuka mpaka unaweza kuchomeka kucha, vikabari vya mpingo vimechomoza. Vitano ndivyo vilivyobaki salama.

Wazo langu la kwanza lilikuwa gundi. Nilimtukana kimoyomoyo muuza gundi, nikaenda kulalamika, nikarudi nimejikuta mjinga. La pili lilikuwa kwamba basi liliviangusha. Sikuwaza hata mara moja kwamba ni mimi. Nilirudisha pesa ya vile 11, Sh 715,000, nikaahidi kurekebisha vilivyokwama baada ya harusi, na dada yule kwa ustaarabu wake akanirudishia kimoja kwa mkono wa kondakta ili nijionee. Kilifika Januari, kimekwama. Nilikizungusha, nikakigonga, nikakosa moyo wa kukivunja. Nikakiweka juu ya kabati la vifaa.

Yupo mzee mmoja wa mtaa wa Kihesa, hapa Iringa, aliyejifunzia useremala misheni enzi za msumeno wa mkono. Nilikuwa nikimkwepa kwa sababu ana maneno. Nikambebea kimoja cha vile vilivyoachia kona, kilichorudi baadaye.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene." Akakipokea, wala hakuangalia kona. Alikigeuza chini juu. "Hapa umeweka nini?"

"Mkaratusi, mzee."

"Na gundi?"

"Pande zote nne."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umefungia fahali kwenye banda la kuku."

Hakunieleza zaidi siku ile. Alinipa kazi ya kufanya nyumbani, na naipendekeza kwa kila anayeanza kwa sababu inapita maelezo yote. Chukua ubao mmoja mkavu, mpana. Kata vipande viwili vyembamba vyenye urefu uleule, kwangu vilikuwa milimita 200. Kimoja kikate kufuata mistari ya mti, kingine kikate kukingama mistari. Vizungushie kitambaa kilicholowa, viache usiku mzima, asubuhi pima. Kile cha kufuata mistari kilikuwa 200 vilevile. Cha kukingama kilikuwa 206.

Nilikaa nikikitazama kile kipande kwa muda. Miaka 11 ya useremala! Nilijua mbao inacheza, kila fundi anasema mbao inacheza, lakini nilidhani ni mbao mbichi tu. Kumbe hata iliyokauka miaka kumi inaendelea kunywa na kutema unyevu wa hewa, na inapokunywa hainenepi sawa pande zote: kwa urefu karibu haina habari, kwa upana ndiko inakosukumana. Kitako changu cha mkaratusi kilikuwa kinataka kutanuka kwa upana wake, na kuta za mninga, zilizosimama kwa urefu wa mistari yake, hazikuwa na mpango wa kutanuka naye. Mmoja lazima avunje. Na mkaratusi ni miongoni mwa mbao zinazocheza sana, wakati mninga unasifika kwa utulivu, ndiyo maana watu wanaupenda kwa milango. Niliwaoza wawili wasiofanana, nikawafungia kwa misumari. Zile fanicha zangu za zamani zilisalimika kwa sababu vitanda nilivyouza Iringa vilibaki Iringa, na ufa wa milimita mbili kwenye kitanda, nimeshasema.

Nilirudi kwa mzee mara nyingi baada ya hapo, nikimbebea sukari. Mengi ninayofanya sasa yametoka kwake, mengine nimeyaokota kwa kuharibu.

Kitako sasa hakigundishwi. Unachonga mfereji kuzunguka ndani ya kuta nne, kitako kinakaa ndani ya mfereji kikiwa huru, na unaacha nafasi ya milimita moja na nusu hadi mbili kila upande wa upana. Tone moja la gundi katikati ya ukingo mmoja linatosha kukizuia kisigongane. Ukiona mfereji unakushinda, tumia plaiwudi na uifunike kitambaa cha mahameli. Plaiwudi imepangwa tabaka zikipishana, haitembei sana, unaweza kuigundisha. Kuna mafundi wanaona plaiwudi ni aibu kwenye kazi ya mninga. Mimi niliona aibu kubwa zaidi kwenye simu.

Kifuniko ndicho kiliniuma kukibadilisha, kwa ajili ya ile sauti. Nikitengeneza Agosti, nahakikisha kadi ya benki inapita kati ya kifuniko na ukuta kwa upande wa upana. Nikitengeneza Machi, wakati hewa ya kwetu imelowa, karatasi nene inatosha. Na namuuliza mteja kikasha kinaenda wapi kuishi kabla sijauliza anataka rangi gani. Cha Dar, Tanga au Zanzibar kinahitaji nafasi. Cha Njombe kitakachokaa karibu na jiko la mkaa chumbani kina mambo yake tofauti, kitasinyaa. Mbao zikishapasuliwa kwa unene wa kazi nazirudisha zipumzike wiki tatu ndani ya karakana kabla ya randa ya mwisho, kwa sababu ubao uliokuwa mkavu nje unaweza kuwa na unyevu katikati, ukiupasua unajikunja mbele ya macho yako.

Lingine: napaka ndani na nje. Zamani nilipaka nje tu, nikidhani ndani hakuna anayeona. Upande mmoja ukinywa unyevu haraka kuliko mwingine, ubao unapinda. Lakini ndani usipake mafuta. Kasha lililofungwa linahifadhi harufu ya mafuta miezi na miezi, na mtu ataweka humo kitambaa cha mama yake aliyefariki. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa vizuri inatosha ndani. Hakuna upakaji unaozuia unyevu kabisa, unapunguza kasi tu.

Kuhusu mafuta hayo, nikwambie la hatari. Natumia mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, kwa nje. Jioni moja nilikusanya matambara niliyofutia, nikayatupa kwenye ndoo yenye maranda, nikaenda kula. Mama watoto ndiye aliyesikia harufu. Ndoo ilikuwa inafuka moshi, hakuna moto wowote karibu, hakuna aliyevuta sigara. Nilidhani ni mkono wa mtu. Mzee akaniambia mafuta ya linsidi yakikauka yanatoa joto, na tambara lililokunjwamana linalitunza joto hilo mpaka linawaka lenyewe. Sasa matambara nayaanika moja moja kwenye waya nje, au nayazamisha kwenye maji. Kama karakana yako imejaa maranda, lisome tena hilo.

Mpingo una mafuta yake ya asili, hivyo gundi huteleza. Uso unaotaka kuugundisha urande au upige msasa, ufute kwa thina, ngoja ukauke, gundisha palepale. Ukiacha mpaka kesho yake mafuta yamesharudi juu. Na vumbi lake, pamoja na la mninga, si la kuvuta. Nilipiga chafya msimu mzima, macho mekundu, watu wakidhani nimeanza kunywa pombe ya ulanzi asubuhi. Barakoa nzuri ni nafuu kuliko zahanati.

Bawaba nilizichelewesha makusudi. Zile ndogo za shaba nilizozitaka niliagiza Kariakoo, na skrubu zake nilizikata vichwa sita kwenye kikasha kimoja kabla sijaelewa. Toboa kwanza kwa kekee nyembamba, pitisha skrubu ya chuma ya saizi hiyohiyo ikajenge njia, itoe, ndipo uingize ya shaba ikiwa imepakwa nta. Mbao ngumu haibembelezwi na shaba.

Wageni wa Ruaha nao walinifundisha, kwa aibu. Mama mmoja wa Kijerumani aliuliza kama kishikio cha mpingo kina karatasi za kupita mpakani. Nikamjibu "hakuna shida mama", jibu letu la kila kitu. Akakirudisha mezani, akaondoka. Nilifuatilia baadaye. Mpingo ni wa jamii ya Dalbergia, na jamii hiyo nzima imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Tangu 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mti huo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimeachiwa, kwa hiyo kikasha chenye kishikio chake kingeweza kwenda naye. Ningelijua ningeuza. Sasa kila kikasha cha wageni kina kikaratasi chenye majina ya mbao zilizotumika, na risiti za mbao naziweka kwenye faili. Anayetaka kusafirisha mzigo mkubwa aende TFS, wakala wa huduma za misitu, akaulize kwanza.

Nirudi kwenye fedha, maana wengi mtakuja na swali hilo. Katika ile oda ya Sh 1,950,000 nilitumia karibu 600,000 kwa mbao, gundi, msasa na nauli ya mzigo. Msasa pekee ulinishangaza: namba 80, 120, 180, 240 mpaka 400, kwa kila uso, ndani na nje. Nikarudisha 715,000. Nikarekebisha bure 13 kati ya vile vilivyokwama, nikilipia basi kwenda na kurudi. Kilichobaki, ukikigawa kwa miezi mitatu na nusu, kijana anayebeba mizigo stendi alinizidi. Hata bila hasara ile, 65,000 ilikuwa bei ya kujipendekeza. Kikasha cha namna ile kinanila siku mbili kamili, na siku za kusubiri mbao ikauke hakuna anayezilipa usipoziweka kwenye bei. Sasa sishuki 120,000 na oda kubwa nachukua mara mbili tu kwa mwaka. Bado natengeneza milango. Milango ndiyo inayosomesha.

Kile kikasha kilichorudi na kondakta kilikaa juu ya kabati mvua zote, Januari mpaka Aprili. Mwezi wa nane, nikitafuta tupa, nikakishika tu kukisogeza, kifuniko kikanyanyuka kwa vidole viwili. Pff. Ndani mlikuwa na kadi ya shukrani yenye majina ya maharusi na vijiti vitatu vya mdalasini. Walishavijaza kabla hewa ya pwani haijavikamata.

Sijakirekebisha. Desemba kinagoma, Agosti kinafunguka. Mteja wa Dar akipiga simu, namwambia asubiri kidogo, naenda kabatini kujaribu kifuniko, ndipo narudi kumpa tarehe.